JACKIE ROBINSON NA MASHABIKI WALIOSHANGILIA MAPEMA



Juni 2023 mnaikumbuka? Mbeya City ile ile iliyoshika nafasi ya 3 msimu wa 2013/14 ikiwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, tena ikamwacha Simba nyuma yake, ilicheza mchujo na Mashujaa ya Kigoma ikashindwa, ikashuka daraja. Wa Iringa msicheke, Lipuli yenu ilitangulia 2020. City ilipanda tena 2025, lakini mwenye jezi ya zambarau anajua zile wiki za mwisho zilivyokuwa. Jumamosi timu inashinda, watu wanapiga hesabu kijiweni kwamba tukipata pointi kadhaa tumepona. Jumatano inafungwa, mtu yule yule anasema alijua toka mwanzo kuwa timu hii mbovu. Siku nne tu!

Leo nawaletea habari za marehemu mmoja aliyecheza mbele ya mashabiki wa namna hiyo, huko Marekani, kwenye mchezo ambao wengi wetu hatuujui. Anaitwa Jackie Robinson. Someni mpaka mwisho, kwa sababu ukoo wake umefika karibu na hapa kuliko mnavyodhani.

Kwanza mchezo wenyewe. Besiboli kwa kifupi: mrushaji anarusha kampira kagumu, mpigaji anakapiga kwa gongo, halafu anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akifika alipoanzia, timu yake inapata pointi moja. Kila timu ina zamu 9 za kupiga, na wakitolewa watu 3 zamu imekwisha. Mpira ukivuka ukuta wa uwanja, mpigaji pamoja na wenzake wote waliosimama vituoni wanarudi taratibu na kila mmoja anahesabiwa pointi. Sare hakuna, wakilingana wanaongeza zamu. Na kubwa kuliko yote, hakuna saa. Kipa wa kujiangusha apoteze muda hayupo. Hata ukiongoza, lazima umtoe mtu wa mwisho kabisa ndipo uende nyumbani. Hilo lishikeni, tutalihitaji mbele.

Robinson alizaliwa Januari 31, 1919, mji wa Cairo (si wa Misri, wa jimbo la Georgia), mtoto wa mwisho kati ya watano. Baba aliondoka. Mama, Mallie, akabeba watoto wote mwaka 1920 akapanda nao treni hadi Pasadena, California, akawalea kwa kazi za ndani kwenye nyumba za wazungu. Kaka yake Mack alipata medali ya fedha ya mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin 1936, nyuma ya Jesse Owens, kisha akarudi nyumbani akawa anafagia barabara. Sasa fikiria wewe ni mdogo wake, unamwona kaka na ufagio, unajifunza nini kuhusu michezo?

Dogo hakuacha. Chuo Kikuu cha UCLA alichezea timu za michezo minne. Vita ikaja, akaingia jeshini, na Julai 1944 huko Texas akaambiwa ahamie nyuma ya basi. Akagoma. Wakampeleka mahakama ya kijeshi, akashinda kesi. Mwaka 1945 akaichezea Kansas City Monarchs, timu ya weusi, maana ligi kubwa za Marekani kwa zaidi ya miaka 50 zilikuwa hazimpokei mweusi hata awe mkali vipi. Haikuwa sheria iliyoandikwa popote. Ilikuwa makubaliano tu ya mabosi.

Aliyevunja makubaliano hayo alikuwa Branch Rickey, bosi wa Brooklyn Dodgers ya New York. Agosti 1945 akamwita Robinson na kumpa sharti gumu: kwa muda asijibu tusi wala kofi. Akakubali. Akapelekwa kwanza Montreal mwaka 1946, na Aprili 15, 1947 akaingia uwanja wa Ebbets Field na jezi namba 42. Walikuja watu zaidi ya 26,000, na inakadiriwa zaidi ya nusu yao walikuwa weusi.

Hapa ndipo ushabiki ulipobadilika sura. Watu weusi mikoa ya mbali walianza kupanda treni safari ndefu kwenda kuiona timu ambayo haikuwa ya mji wao. Kwao Dodgers ikifungwa, haijafungwa Brooklyn peke yake. Robinson akikosa mpira, kesho kazini kuna mzungu atasema si niliwaambia. Wewe mchezaji wako akikosa penalti unamtukana, basi, maisha yanaendelea. Yeye alibeba hesabu ya watu milioni kadhaa ambao hawakuwa na mwakilishi mwingine uwanjani. Na mdomo umefungwa! Philadelphia mwaka huo hoteli ilikataa kuipokea timu kwa sababu yake (jiji hilo liliomba radhi rasmi mwaka 2016, yeye yuko kaburini siku nyingi). Pamoja na yote akamaliza msimu akiwa mchezaji bora chipukizi, na mwaka 1949 akawa mchezaji bora wa ligi yake.

Sasa njooni kwenye mashabiki wenyewe wa Brooklyn. Hawa walikuwa watu wa kawaida, wa bandarini na viwandani, wanaiita timu yao kwa jina la wazururaji, tena kwa mapenzi. Kulikuwa na mama mmoja maarufu, Hilda Chester, anakuja uwanjani na kengele ya ng'ombe anaipiga mechi nzima. Timu ilikuwa nzuri ila ina mkosi. Fainali za 1941, 1947 na 1949, zote Yankees waliwapiga. Ikawa desturi yao kila mwisho wa msimu kuambiana wasubiri mwakani. Mwaka 1950 walikosa ubingwa wa ligi siku ya mwisho kabisa, kwa pigo moja la kuvuka ukuta kwenye zamu ya 10.

Halafu ukaja 1951.

Agosti 11 Dodgers walikuwa wanaongoza kwa tofauti ya mechi 13 dhidi ya Giants, mahasimu wao wa mji ule ule wa New York. Yaani Giants washinde 13 na Dodgers wafungwe 13 ndipo walingane. Brooklyn ikatulia. Nani asingetulia? Watu wakawa wanawaza Yankees tu, fainali, mwaka huu ni mwaka wetu.

Kesho yake Giants wakaanza kushinda. Wakashinda 16 mfululizo. Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Septemba ikaingia, kicheko kikapungua. Tofauti ikawa mechi 7, ikawa 5, ikawa 3. Dodgers hawakuwa wanacheza vibaya sana kusema kweli, bali wenzao hawakufungika: katika mechi 44 za mwisho walipoteza 7 tu. Lakini shabiki haoni hivyo. Shabiki anaona timu yake inakufa kwa presha. Wale waliokuwa wanasubiri fainali Agosti, mwisho wa Septemba walikuwa wanaombea angalau siku ya mwisho wabaki wamelingana.

Siku hiyo ikafika, Septemba 30. Giants walicheza Boston wakashinda mapema, na matokeo yakawekwa kwenye ubao huko Philadelphia ambako Dodgers walikuwa bado wanahangaika. Walishaachwa 6-1, baadaye 8-5. Wakifungwa, msimu umekwisha. Wakakomboa mpaka 8-8, mechi ikaingia zamu za nyongeza.

Zamu ya 12, Philadelphia wana watu kwenye vituo vyote vitatu, pointi moja tu inawamaliza Dodgers. Eddie Waitkus anapiga mpira mkali wa chini chini karibu na kituo cha pili. Robinson anaruka mzima mzima, anaudaka kabla haujagusa ardhi, na anaanguka juu ya kiwiko chake mwenyewe kikamwingia tumboni. Akabaki chini dakika kadhaa. Wenzake wakamwinua, akakataa kutoka. Zamu ya 14 akashika gongo, akaupiga mpira wa Robin Roberts ukavuka ukuta. 9-8. Kwenye mji ule ule uliomnyima kitanda mwaka 1947.

Mimi ningekuwa mwandishi wa sinema ningekatia hapo. Bahati mbaya ligi haina mwandishi wa sinema.

Timu zote mbili zilimaliza na ushindi 96, kwa hiyo ukawekwa mchujo wa mechi tatu. Oktoba 1 Giants wakashinda 3-1, Brooklyn msiba. Oktoba 2 Dodgers wakashinda 10-0, Robinson akiwemo miongoni mwa waliovusha ukuta, Brooklyn harusi. Oktoba 3, mechi ya kuamua. Robinson akaleta pointi ya kwanza kwa pigo lake. Mpaka Giants wanaingia zamu yao ya 9, ya mwisho, Dodgers wako mbele 4-1. Watu watatu tu watolewe.

Wakamtoa mmoja. Giants wakapata pointi moja, 4-2. Wakamtoa wa pili? Hapana, nawaeleza vizuri: waliotolewa walibaki hao hao mmoja. Watu wawili wa Giants wamesimama vituoni, mrushaji amebadilishwa, ameingia Ralph Branca mwenye jezi namba 13. Bobby Thomson akapiga. Mpira ukavuka ukuta wa kushoto. 5-4. Imekwisha.

Wachezaji wa Dodgers wakainamisha vichwa wakaanza kutoka. Robinson hakutoka. Alisimama pale pale, anamwangalia Thomson akikimbia katikati ya watu waliochanganyikiwa kwa furaha, anahakikisha anakanyaga kila kituo. Kwa sababu asipokanyaga kimoja, pointi haihesabiki. Thomson akakanyaga vyote. Ndipo akaondoka.

Picha hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Watu maelfu kwa maelfu walikuwa wamepandisha na kushusha matumaini yao tangu Agosti, na yule mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kukata tamaa alikuwa bado anakagua kama kuna kosa.

Tena kosa lilikuwepo, ila si la miguu ya Thomson. Mwaka 2001 gazeti moja la Marekani lilichapisha uchunguzi wa Joshua Prager ulioonyesha kuwa Giants msimu ule walificha darubini kwenye chumba chao upande wa mbali wa uwanja wao, wakawa wanasoma ishara za wapinzani na kuzipeleka kwa waya na kengele. Kwa hiyo mwapeni pole Branca, miaka 50 alibeba lawama. Kama iliamua lile pigo lenyewe, wanabishana mpaka leo. Mnaona, figisu si za Bongo pekee.

Kilichofuata nakipitia haraka. 1952 na 1953 Dodgers walifika fainali, wakafungwa tena na Yankees. Oktoba 4, 1955 hatimaye wakawafunga Yankees hao hao, mechi ya 7, 2-0. Robinson alikuwa na miaka 36, ameumia, mechi hiyo aliitazama akiwa benchi. Desemba 1956 klabu ikamuuza kwa, shika kiti, Giants! Ni kama umeitumikia Simba miaka 10 halafu unapelekwa Yanga. Alikuwa ameshaamua kustaafu, hakwenda. Baada ya msimu wa 1957 timu yenyewe ikahama Brooklyn ikaenda Los Angeles, na mwaka 1960 Ebbets Field ikabomolewa. Walioambiana miaka yote wasubiri mwakani wakabaki bila mwakani.

Yeye akaingia kazini kwenye kampuni ya kahawa ya Chock full o'Nuts kama makamu wa rais, huku akipigania haki za weusi. Na hapa ndipo alipogusana na kwetu. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alikuwa anatafuta nauli za vijana waliopata nafasi vyuo vya Marekani. Robinson, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, wakaweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Septemba mwaka huo vijana 81 wakapanda ndege. Mwaka uliofuata wakaongezeka, wakiwemo wa kutoka Tanganyika.

Kisukari kilimmaliza mapema. Juni 1971 mwanawe mkubwa, Jackie Jr., alikufa kwa ajali ya gari. Oktoba 15, 1972 Robinson, nywele nyeupe, macho karibu hayaoni, alisimama mbele ya uwanja wa fainali kupokea heshima, akatumia nafasi hiyo kudai kwamba siku moja angependa kumwona kocha mkuu mweusi. Siku tisa baadaye akafariki, ana miaka 53. Kocha huyo alipatikana 1975, Frank Robinson, majina tu yamefanana. Namba 42 ilistaafishwa kwenye timu zote za ligi kuu mwaka 1997.

Sasa lile nililowaahidi. Mtoto wake mwingine, David, alihamia Tanzania miaka ya 1980, akaenda Mbozi, wakati huo ikiwa bado Mkoa wa Mbeya, akafyeka shamba akapanda kahawa. Akashirikiana na wakulima wenzake wa huko kuiuza Marekani wenyewe kwa jina la Sweet Unity Farms. Baba aliuza kahawa iliyokwishakaangwa New York, mtoto akaja kuilima huku kwetu.

Kwa hiyo ukiwa Soweto, panda gari la Tunduma, ukiingia Mbozi ujue umefika shambani kwa mtoto wa namba 42. Wadau wa Vwawa na Mlowo mliowahi kukutana naye, tupeni stori hapo chini.