Daktari Matthew Lukwiya wa Gulu

1. Mtoto wa mjane

Kitgum ni mji wa Uganda ya kaskazini, katika nchi ya Waacholi. Huko ndiko alikotoka Matthew Lukwiya, aliyezaliwa tarehe 24 Novemba 1957. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki. Matthew alipokuwa na miaka 12, baba yake alizama majini akafa. Mama akabaki mjane, hana mali. Akafanya biashara ndogo ndogo ili awalishe watoto wake. Alimfundisha Matthew kupanda baiskeli, na mtoto akawa akipeleka majani ya chai mpakani mwa Sudani, akayabadili kwa sabuni, akarudi nayo nyumbani.

Kazi hiyo haikumzuia kusoma. Shuleni aliwapita wenzake, akapewa msaada wa karo, akapanda darasa kwa darasa mpaka akaingia chuo kikuu cha Makerere, mjini Kampala, kujifunza udaktari.

Mwaka 1983 alifika hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, kilometa chache kutoka mji wa Gulu. Wamisionari waliianzisha hospitali hiyo mwaka 1959. Wakubwa wake walikuwa Daktari Piero Corti, Mwitalia, na mke wake Lucille Teasdale, Mkanada, aliyekuwa mpasuaji hodari. Miezi michache tu ilipopita, hao wawili waliona ya kuwa kijana huyu ndiye atakayeweza kuishika hospitali baada yao.

Wakati ule kulikuwa na vita katika nchi ya Waacholi. Siku moja ya Ijumaa Kuu waasi waliingia hospitalini, wakataka kuwachukua baadhi ya wahudumu. Lukwiya akatoka mbele, akawaomba wamchukue yeye badala yao. Wakaenda naye porini, hali amevaa bado koti lake la udaktari. Juma zima alitembea nao. Kisha wakamwachilia, akarudi kazini.

Mwaka 1990 alikwenda Liverpool, Uingereza, kusomea magonjwa ya watoto wa nchi za joto. Alifaulu sana, hata walimu wake wakataka abaki huko afundishe. Lakini Lukwiya alirudi Lacor.

2. Simu ya mwezi wa Oktoba

Mwaka 2000 Lukwiya alikuwa Kampala, akisoma tena. Mkewe Margaret na watoto wao watano walikuwa pamoja naye. Tarehe 7 Oktoba alipigiwa simu kutoka Lacor. Wanafunzi wawili wa uuguzi wamekufa kwa ugonjwa usiojulikana, na wengine wanaugua. Jioni ile ile Lukwiya alikuwa amekwisha fika Gulu.

Pamoja na Sista Maria Di Santo alisoma karatasi za wagonjwa 17 waliokufa. Aliona homa kali, kutapika na kuhara, na wengine kutokwa na damu. Akavisoma pia vitabu vya Shirika la Afya Duniani. Ndipo alipotambua ya kuwa huenda ugonjwa huu ni Ebola.

Jina hilo ni la mto mmoja wa Kongo ya kaskazini. Mwaka 1976 ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza, katika misioni ya Yambuku karibu na mto ule, na pia katika Sudani. Unaletwa na kijidudu kidogo mno kiitwacho virusi. Haupeperushwi na upepo. Mtu huupata akigusa damu, matapishi au mavi ya mgonjwa, au akiosha maiti yake. Kwa hiyo huwashika kwanza wale wenye upendo: mama anayemfuta mtoto wake, muuguzi anayemgeuza mgonjwa kitandani, shangazi anayemwosha marehemu.

Lukwiya hakungoja majibu ya damu. Aliarifu serikali, na papo hapo akaiweka kando nyumba moja ya hospitali kwa wagonjwa wa ugonjwa huo tu. Waliofanya kazi humo walijitolea wenyewe. Walivaa koti, barakoa, viatu vya mpira na glavu mbili mbili. Katikati ya mwezi majibu yalikuja kutoka Afrika ya Kusini: kweli, ni Ebola.

3. Je, watu watakubali kujitenga?

Sasa ilikuwa lazima kuwaomba watu jambo gumu. Mgonjwa akae mahali pake peke yake. Waliomgusa waangaliwe siku 21, maana virusi vinaweza kujificha mwilini siku hizo zote kabla homa haijaanza. Maiti isioshwe wala kukumbatiwa na jamaa. Watu waache kukusanyika.

Je, watu watakubali kwa hiari? Wengi walidhani hawatakubali, nao walikuwa na sababu zao. Kwetu Afrika mgonjwa haachwi peke yake. Jamaa hulala chini kando ya kitanda chake, humpikia, humfulia. Asiyefika matangani huhesabiwa kuwa adui. Tena, anayekula leo alichokilima au alichokiuza jana, atakula nini akikaa ndani majuma matatu? Na hospitali yenyewe iliogopwa. Watu waliona mgonjwa anaingia akiwa hai, wakamwona ametoka amefungwa ndani ya mfuko. Uvumi mbaya ukaenea, na wengine wakawaficha wagonjwa wao.

Lakini Waacholi walikuwa na jambo ambalo wageni hawakulijua. Wazee wao walikwisha kuona magonjwa ya kuambukiza kabla ya kuwako hospitali yo yote. Ugonjwa unaokuja ghafula na kuua watu wengi waliuita gemo, nao walikuwa na sheria zake. Mgonjwa wa gemo huwekwa katika nyumba iliyo mbali na nyumba nyingine, hatua mia au zaidi. Mabua mawili marefu ya matete husimamishwa mlangoni, moja huku na moja huku, ili kila apitaye ajue. Anayemlisha ni mtu aliyekwisha ugua ugonjwa ule akapona. Kama hayuko, ni mzee. Watoto na wanawake wenye mimba hawakaribii. Kila mtu hukaa kwake, hatembei kijiji kwa kijiji, hali chakula cha wageni. Ngoma husimama. Ugomvi nyumbani hukatazwa. Mgonjwa akipona, hungoja mwezi mzima ndipo atoke. Akifa, hazikwi uani kama desturi, huzikwa ukingoni mwa kijiji.

Wazee walipotambua ya kuwa huu ni gemo, watu wa vijiji vingi walizifuata sheria hizo. Askari hakuwafungia mlangoni. Walijitenga kwa kuwa waliijua sababu, na kwa kuwa desturi yao haikumtupa mgonjwa. Yule aliyekaa nyuma ya mabua mawili alijua ya kuwa mtu atamletea chakula leo, na kesho tena.

4. Daktari anakaa

Ndani ya hospitali mambo yalizidi kuwa magumu. Wauguzi walikufa mmoja baada ya mmoja. Mwishoni mwa Novemba wafanyakazi wa Lacor walikusanyika kwa hofu na hasira. Walitaka hospitali ifungwe, waende zao.

Lukwiya hakuwakemea. Alisikiliza saa nyingi. Alijua ya kuwa hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kuingia katika nyumba ile. Akawaeleza ya kuwa wagonjwa wakiachwa watarudi vijijini, na ugonjwa utakwenda pamoja nao. Akasema ya kuwa hospitali ikifungwa ataondoka Gulu asirudi tena, lakini kama wakiendelea, yeye atakuwa pamoja nao. Mkutano ulikwisha kwa nyimbo, na watu wakarudi kazini.

Siku chache kabla ya mkutano ule, Lukwiya aliamshwa kabla ya mapambazuko. Muuguzi mmoja aliyekuwa mgonjwa alikuwa ametoka kitandani, akitokwa na damu nyingi. Lukwiya alivaa upesi koti, kofia, barakoa, glavu na viatu, akakimbia kumsaidia. Lakini hakuvaa kinga ya macho. Yule muuguzi alikufa.

Baada ya siku chache Lukwiya mwenyewe alishikwa na homa. Kwanza ilidhaniwa ni malaria. Damu yake ilipopimwa, ilionekana ni Ebola. Wala hakujifanyia sheria nyingine kwa sababu yeye ni mkubwa. Alilazwa katika nyumba ile ile ya kutengwa aliyoiandaa kwa wengine. Margaret alipofika kutoka Kampala, ilimpasa kuvaa mavazi yote ya kujikinga, asimguse mumewe kwa mkono mtupu. Ni jambo zito kwa mke. Hata hivyo Margaret alilishika, na ugonjwa haukuingia katika nyumba ya watoto wake.

Daktari Matthew Lukwiya alifariki usiku wa tarehe 5 Desemba 2000, ana miaka 43. Siku ile ile alizikwa ndani ya ua wa hospitali, kando ya kaburi la Lucille Teasdale. Waliomzika walivaa mavazi ya kujikinga. Waliomlilia walisimama mbali, kama yeye alivyokuwa amewafundisha.

5. Matunda ya kazi yake

Tarehe 27 Februari 2001 Uganda ilitangazwa kuwa salama. Watu 425 walikuwa wameugua, na 224 kati yao wamekufa. Zaidi ya kumi walikuwa wafanyakazi wa Lacor. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini ingaliweza kuwa kubwa zaidi, maana ugonjwa ulikuwa umefika pia Masindi na Mbarara, na huko ukazimwa upesi.

Jambo moja la huzuni lilitokea. Baadhi ya waliopona waliporudi kwao walikuta vitu vyao vimechomwa, na majirani wakawakimbia. Huko ni kukosa akili pia. Mtu akiona aliyepona anafukuzwa, siku atakapougua yeye hatasema, atajificha.

Miaka mingi baadaye ugonjwa huo uliingia Kongo ya mashariki. Kuanzia mwaka 2018 mpaka 2020 uliua watu zaidi ya 2200, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mwezi wa Agosti 2019 ulifika hata Mwenga, katika Kivu ya Kusini, jimbo hili la Uvira na Lubarika. Safari hii kulikuwa na chanjo, nayo iliokoa wengi. Lakini chanjo haikutosha peke yake. Penye hofu na uvumi, watu waliwaficha wagonjwa, na vituo vya matibabu vilishambuliwa. Penye watu waliosikilizwa na kuelezwa, walikubali kukaa na kungoja siku 21.

Basi, kujitenga ni kazi ya watu wawili. Aliye ndani huwalinda majirani kwa kutotoka. Aliye nje anamwia deni: amletee maji, unga na habari, aviweke mlangoni, amsalimu kwa mbali, wala asimtangaze kwa ubaya. Mmoja akiacha kazi yake, wa pili hawezi kuitimiza ya kwake. Waacholi walilijua hilo kwa mabua mawili ya matete. Daktari Lukwiya alilitimiza mpaka kufa.

Maneno ya kukumbuka
kutengwa: kuwekwa mahali pa peke yako
matete: majani marefu yenye mabua magumu, yanayoota penye maji
uvumi: habari inayoenea bila kujulikana kama ni kweli

Maswali
1. Matthew Lukwiya alimsaidiaje mama yake alipokuwa mtoto?
2. Ebola huambukizwa kwa njia gani? Kwa nini huwashika kwanza wale wanaowahudumia wagonjwa?
3. Taja sheria nne za Waacholi wakati wa gemo.
4. Kwa nini watu wengine waliwaficha wagonjwa wao?
5. Jirani yako akiambiwa akae nyumbani siku 21, ninyi wa nyumba ya pili mtamfanyia nini?