Imam Ghazali na Tonge la Chakula

Mtu akivumisha leo kwamba kaburi fulani limeonekana likitoa nuru, watu watakuwa wamekwisha kukusanyika hapo kabla ya jua kuchwa, na wengine watachukua nadhiri na ubani. Lakini tonge la chakula lipitalo kooni mwetu kila siku halimshangazi mtu hata mmoja. Kwa ajili hiyo tumeona tuieleze habari ya mwanachuoni mkubwa aliyezuiliwa tonge hilo, kisha akajaaliwa kuwafunza watu thamani yake.

Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan huko Uajemi, mwaka 450 Hijria, yaani 1058 Miladi. Imepokewa kwamba baba yake alikuwa fakiri akisokota sufu na kuiuza, na alipoona mauti yamemkaribia aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu. Akiba ile ndogo ilipokwisha, rafiki huyo aliwashauri waingie madrasa, kwani huko mwanafunzi hupata chakula chake. Basi jambo la kwanza lililompeleka Imamu kwenye elimu lilikuwa ni haja ya mkate. Naye mwenyewe alikuwa akikumbuka baadaye kwamba waliitafuta elimu kwa jambo jingine, lakini elimu ikakataa ila iwe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Alisoma Nishapur kwa Imam al-Haramayn al-Juwayni mpaka Sheikh huyo alipofariki mwaka 478 (1085). Kisha Waziri Nizam al-Mulk akamkaribisha katika majlisi yake, na mwaka 484 (1091) akampa kiti cha kufundisha katika Madrasa ya Nizamiyya, Baghdad. Wakati huo hakuwa amezidi miaka 34. Wanafunzi kiasi cha 300 walikuwa wakihudhuria darasa lake, na wakubwa wa dola wakimheshimu.

Katika mwezi wa Rajabu mwaka 488 (1095) msiba ulimshukia. Alikuwa amejihesabu nafsi yake akaona kwamba kufundisha kwake kumechanganyika na kupenda jaha na sifa. Karibu miezi sita akawa anavutwa huku na huku: leo anaazimia kuondoka, kesho anaghairi. Hata siku moja ulimi wake ukafungwa. Akajikaza afundishe angalau siku moja kuwaridhisha wanafunzi wake, asiweze kutamka neno. Huzuni ikamwingia moyoni, mchuzi usipite kooni wala tonge lisisagike tumboni. Matabibu wakakata tamaa, wakasema ugonjwa huu umeanzia moyoni, na dawa haifai mpaka moyo upate utulivu.

Imamu akamlilia Mola wake kama aliaye mtu asiye na hila tena, na ikawa sahali kwake kuiacha jaha na mali. Akagawa alivyokuwa navyo, akabakisha cha kuwatosha watoto wake, akatoka Baghdad. Alikaa Sham karibu miaka miwili, akijifungia katika mnara wa msikiti wa Damascus. Alizuru Baitul Muqaddas na kaburi la Nabii Ibrahim, akahiji Makka na kuzuru Madina, kisha akarejea kwao.

Katika miaka hiyo ndipo alipotunga kitabu chake mashuhuri, Ihya Ulum al-Din, chenye vitabu 40 ndani yake. Humo, katika mlango wa shukrani, mtu yule ambaye tonge lilimshinda alikaa akalichambua tonge. Alieleza kwamba chembe ya ngano haioti ila kwa udongo, maji, hewa na joto la jua. Na kwamba mkate haufiki mbele ya mlaji ila baada ya mikono ya mkulima, msagaji, mwokaji, na mhunzi aliyewafanyia zana. Kisha akaingia kinywani: meno ni kijaa cha kusagia, ulimi hukirudisha chakula chini ya meno, mate hukilainisha, na tumbo ni chungu cha kukipikia. Akataja pia habari ya mtu aliyelalamikia umasikini, akaulizwa kama angependa awe kipofu apewe dirhamu 10,000. Akakataa. Akaulizwa kuhusu ulimi wake, viungo vyake na akili yake, kote akakataa. Akaambiwa basi aone haya kumshitaki Mola wake hali ana mali nyingi kiasi hicho.

Hapa tusichanganye mambo. Muujiza kwa istilahi ya maulamaa ni wa Mitume, na mlango huo umefungwa kwa kuja Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Lakini ishara za Mwenyezi Mungu hazikufungwa. Imamu alifundisha kwamba hata moto haukiunguzi kipande cha pamba kwa nguvu zake wenyewe, bali Mwenyezi Mungu ndiye aumbaye kuungua huko, naye ameijaalia kuwa ada. Sisi tukiona ada, husahau mwenye kuiendesha. Hewa hatuishukuru mpaka tukabwe koo.

Mwaka 499 (1106) Imamu alirudi kufundisha Nishapur, na kisha akarejea Tus, ambako alifariki mwezi 14 Jumada al-Akhira mwaka 505, yaani Desemba 1111. Imepokewa kwa ndugu yake Ahmad kwamba asubuhi hiyo ya Jumatatu alitawadha akasali, akaitisha sanda yake, akaibusu, akaelekea kibla, na roho ikatoka kabla ya kupambazuka vizuri.

Ndugu zetu, ajabu tunayoifuatia makaburini iko sahanini mwetu. Usiku wa leo, tutakapokunja tonge na kusema Bismillahi, tulitazame kidogo kabla ya kulitia kinywani, kisha tumkumbuke jirani ambaye sahani yake ni tupu, kwani shukrani ya tonge ni pamoja na kuligawa. Mwenyezi Mungu amrehemu Imam Ghazali, na atujaalie sisi macho yenye kuona. Amin.