Annie Moore, mama aliyepotezwa na jina lake

Wandugu, tunapojaza fishi za jamaa, kila siku tunakuta jambo lile lile: watu wawili wako na jina moja, na umri ulioandikwa kambini si ule wa karatasi ya ubatizo. Juu ya hiyo, mara hii tunawasimulia maisha ya Annie Moore, msichana wa Ireland ambaye jina lake lilijulikana Marekani nzima, lakini yeye mwenyewe wakamchanganya na mtu mwingine.

Annie alizaliwa mwaka 1874 katika mji wa Cork. Wazazi wake, Matthew na Julia, walitangulia New York kutafuta maisha, watoto wakabaki nyuma. Wengi wetu tunajua ginsi hiyo iko. Mwisho wa 1891 Annie akawashika wadogo zake wawili, Anthony na Philip, wakapanda meli Nevada kwenye bandari ya Queenstown, ile leo wanaita Cobh. Baharini walikaa siku 12. Tarehe 1 Januari 1892 kituo kipya cha kupokea wageni kilifunguliwa pale Ellis Island, na Annie ndiye wa kwanza kuandikwa. Mkubwa wa kituo akampa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Magazeti yakaandika kwamba iko na miaka 15, tena siku ile ni ya kuzaliwa kwake. Hapana, alikuwa na 17. Basi umri wake uliharibika siku ile ile ya kwanza!

Kisha, kimya. Watu karibu milioni 12 walipita pale mpaka kituo kilipofungwa 1954, na Annie akabaki jina tu. Halafu jamaa moja ya Texas ikasema yule ni mama yao. Kweli mama yao aliitwa Annie Moore, aliolewa katika ukoo wa O'Connell, na alikufa 1923 kwa kugongwa na tramu. Watu wakaamini miaka na miaka. Wajukuu wakaalikwa kwenye sherehe, habari ikaingia vitabuni. Hatusemi walidanganya. Jina lilifanana, na nyumbani walisimuliwa hivyo.

Mchunguzi wa koo, Megan Smolenyak, alifungua vitabu vya sensa akaona mama wa Texas alizaliwa Illinois, ndani ya Marekani yenyewe. Sasa mtu wa kuzaliwa pale anashuka vipi kwenye meli ya wageni? Mwaka 2006 akaahidi dola 1,000 kwa mwenye kuleta habari za Annie wa kweli. Wiki chache zikatosha. Mkubwa wa nyaraka za mji wa New York alipata karatasi ya uraia ya Philip, yule mdogo wa melini, na kupitia jamaa ya Philip wakamfikia dada. Hapo sisi tulisimama kidogo. Jina la Annie Moore lilikuwa la watu wengi mno. Mdogo wake ndiye alimtambulisha.

Kumbe Texas hakufika hata siku moja. Aliishi maisha yake yote kwenye mitaa ya maskini ya Manhattan. Aliolewa na Joseph Schayer, mtoto wa mwokaji mikate Mjerumani, mwenye kazi kwenye soko la samaki la Fulton. Walizaa watoto 11, watano tu wakakua. Annie alikufa 1924, akiwa na miaka 50, akazikwa kwenye makaburi ya Calvary, Queens, pamoja na watoto wake waliotangulia. Hakuna jiwe, hakuna jina. Tangu 1993 sanamu zake zilisimama Cobh na Ellis Island, na kaburi lake hakuna aliyelijua. Msalaba wa jiwe la Ireland uliwekwa pale Oktoba 2008.

Kwa wenye kuja kujaza fishi: tunaomba mlete pia majina ya wadogo na wakubwa zenu, hata wale waliobaki makaburini kule kambini.