Maisha ya Karl Schwarzschild

Mimi ni mwenyeji wa Handeni, na kama wenzangu wa Korogwe nimesimuliwa na wazee jinsi majeshi ya Jenerali Smuts yalivyoifuata reli ya Tanga yakiwafukuza Wajerumani. Yalifika kwetu mwezi wa Juni, 1916. Leo napenda kuwaeleza habari za Mjerumani mmoja aliyetumikia vita hivyo hivyo huko Ulaya.

Karl Schwarzschild alizaliwa Frankfurt tarehe 9 Oktoba, 1873. Alipokuwa na miaka 16 tu, maandiko yake juu ya nyota pacha, yaani nyota mbili zizungukanazo, yalikwisha pigwa chapa. Baadaye akawa mkuu wa jumba la kutazamia nyota, kwanza Göttingen, halafu Potsdam. Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa amepita miaka 40, lakini alijiandikisha kwa hiari yake. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu za mizinga.

Mwisho wa 1915, akiwa jeshini, alisoma maandiko mapya ya Einstein juu ya nguvu ya uvutano. Hesabu zake zilikuwa ngumu hata Einstein mwenyewe alipata jibu la kukadiria tu. Schwarzschild alipata jibu kamili kwa muda wa majuma machache! Ndani yake mlikuwa na jambo la ajabu: kitu kikibanwa mno, hata nuru haiwezi kutoka. Jua letu lingebanwa hadi upana wa kilometa 6. Majua 10 yangefika kilometa 60 hivi, kama ukinyoosha kamba kutoka Handeni hadi Korogwe. Siku hizi vitu hivyo twaviita mashimo meusi.

Februari 1916 Einstein alimwandikia kwamba mawimbi ya uvutano, yaliyo mfano wa mawimbi ya nuru, hayapo. Schwarzschild aliugua vibaya ugonjwa wa ngozi, akafa tarehe 11 Mei. Mwezi uliofuata, Juni ule ule wa Korogwe na Handeni, Einstein aligeuza shauri, akaandika kwamba mawimbi yapo. Maskini, habari hiyo haikumkuta mwenzake.

Yalitafutwa miaka mingi. Tarehe 14 Septemba, 2015, mitambo miwili ya Marekani, kila mmoja wenye mikono miwili ya kilometa 4, iliyapokea baada ya kusafiri miaka milioni 1,300 hivi. Mashimo meusi mawili, moja la uzito wa majua 36 hivi na jingine 29, yalikuwa yamezungukana mpaka yakaungana. Lililobaki lilikuwa la majua 62. Matatu yaligeuka mawimbi.