Jean-Marie Seroney: sentensi moja kitini, miaka mitatu kizuizini

Wasomaji, wengi wetu tulipita shule tukisikia jina la Martin Shikuku. Ndiye alisimama Bungeni mwaka 1975 akadokeza kwamba KANU imeuawa, na akakamatwa. Hiyo hadithi kila mtu anaijua. Kile watu hawakumbuki sana ni kwamba siku hiyo Shikuku hakuwa peke yake. Juu kwenye kiti cha spika alikuwa amekaa mtu mwingine, mpole kidogo wa maneno, wakili, na kwa maoni yangu neno lake yeye ndilo lilichoma zaidi. Anaitwa Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, Naibu wa Spika.

Shikuku aliishi mpaka 2012 na hakuwahi kunyamaza, ndio maana hasahauliki. Seroney alifariki Desemba 1982. Vijana wa umri wangu ukiwauliza, wengi watakuambia hilo ni jina la Mfaransa fulani.

Si Mfaransa, ni Mnandi kabisa. Alizaliwa 1927 upande wa Kapsabet, mtoto wa mhubiri. Sasa hebu angalia njia aliyopita: Alliance High School, Makerere, halafu akavuka bahari mpaka India kusomea sheria Chuo Kikuu cha Allahabad, kisha akamalizia Uingereza. Wakati huo kijana Mkalenjin aliyesoma hadi hapo alikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na Seroney hutajwa kama wakili wa kwanza kutoka jamii hiyo. Si mchezo.

Aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa uchaguzi wa 1961, akiwa upande wa KADU. Hiki kilikuwa chama cha jamii ndogo ndogo zilizoogopa kumezwa na zile kubwa baada ya uhuru, na dawa waliyoitaka ilikuwa majimbo. Alikuwa Lancaster House kule London wakati katiba inapikwa. KADU ilivunjwa Novemba 1964, wote wakahamia KANU, na wengi waliohamia walipewa kazi nzuri wakatulia. Daniel arap Moi alipanda mpaka akawa Makamu wa Rais mwanzoni mwa 1967. Seroney hakutulia.

Kilichomsumbua ni ardhi. Ukitaka kuelewa hasira ya Wanandi kuhusu ardhi lazima urudi 1905, pale Waingereza walipomuua Koitalel arap Samoei kisha wakawaondoa watu kwenye mashamba yao mazuri. Baada ya uhuru wazungu walianza kuondoka, na Wanandi wakategemea kwamba sasa watarudi kwao. Kumbe mashamba yananunuliwa na watu kutoka mbali wenye pesa na wenye watu serikalini. Julai 1969 Seroney aliwakusanya watu Nandi Hills wakatoa tamko kwamba ardhi ya Nandi ni ya Wanandi. Kuna watu watasema huo ni ukabila, na mimi nakubali kwamba tamko kama hilo likisomwa leo, tukikumbuka vile ardhi imemwaga damu Bonde la Ufa, linaogopesha. Lakini malalamiko ya chini yake yalikuwa ya kweli. Serikali ilimshtaki kwa uchochezi, mahakama ikampiga faini. Watu wa kwao hawakumuacha. Uchaguzi wa 1974 wakamrudisha tena Bungeni.

Hapo ndipo mambo ya kiti yanaanza, na inabidi nieleze kidogo hiki kiti chenyewe.

Zamani za ukoloni gavana mwenyewe ndiye alikuwa anaongoza vikao vya Baraza. Yaani mkuu wa serikali ndiye refa. Hiyo iliisha 1948, baraza likapata spika wake. Aliyeongoza Bunge tulipopata uhuru alikuwa Humphrey Slade, mzungu, wakili pia, aliyekaa kitini kutoka 1960 mpaka 1970. Akafuatwa na Fred Mati. Spika akitoka, naibu anapanda, na akishapanda ana nguvu zile zile. Uamuzi wake ni uamuzi wa kiti, haukatiwi rufaa pale ukumbini. Ndio sababu serikali inajali sana nani anakuwa naibu, hata kama kazi yenyewe inaonekana ya kushikilia tu.

Serikali ya Mzee Kenyatta haikumtaka Seroney. Wabunge wa viti vya nyuma walimtaka. Wakashikilia msimamo wao, na Februari 1975 akawa Naibu wa Spika. Lilikuwa pigo, maana ilionyesha kwamba Bunge la chama kimoja linaweza kukataa mtu wa wakubwa na kuweka wake.

Wiki chache baadaye J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, akapotea. Tarehe 2 Machi 1975 alionekana mara ya mwisho Nairobi, mwili wake ukapatikana Ngong. Bunge liliunda kamati chini ya Elijah Mwangale kuchunguza, na ripoti ilipoletwa mwezi wa sita ilipita kwa kura 62 kwa 59. Waliokuwa serikalini wakathubutu kupiga kura na upande wa ripoti walifutwa kazi, akiwemo waziri Masinde Muliro. Kwa hivyo kufika Oktoba hewa ya Bungeni ilikuwa nzito. Kila mtu alijua kuna watu wanawinda na kuna watu wanawindwa.

Basi tarehe 9 Oktoba. Seroney yuko kitini. Shikuku anaongea, na katikati ya maneno yake anasema kuna watu wanataka kuliua Bunge vile walivyoiua KANU. Clement Lubembe, waziri msaidizi, akaruka na hoja ya nidhamu: Shikuku athibitishe kwamba KANU imekufa.

Simama hapo kidogo, maana hapa ndipo utaona ujanja wa sheria za Bunge. Mbunge akitoa madai mazito, mwenzake ana haki ya kudai ushahidi. Kiti kikikubali, yule aliyesema lazima alete ushahidi, ama ayaondoe maneno na kuomba radhi. Akikataa anaweza kutolewa nje. Kwa hivyo Lubembe alikuwa ameweka mtego wa kawaida. Naibu wa Spika mwoga angemwambia Shikuku aondoe maneno, yaishe, watu waende wakanywe chai. Na hakuna mtu angemlaumu.

Seroney aliamua kwamba kwa taratibu za Bunge jambo lililo wazi kwa kila mtu halihitaji kuthibitishwa.

Hiyo tu. Hakutukana mtu, hakutaja jina la Rais. Ukiangalia kwa jicho la wakili, alijibu swali la utaratibu kwa jibu la utaratibu. Lakini kila aliyekuwa ndani alielewa. Shikuku ni mbunge mmoja anayepiga kelele, hayo ni maoni yake. Seroney alikuwa anaongea kama kiti, na kiti kimekubali, na maneno yameingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge: kifo cha chama tawala ni jambo la wazi. Sasa utalifutaje? Hakuna rufaa.

Serikali haikutafuta rufaa. Tarehe 15 Oktoba polisi waliingia katika majengo ya Bunge wakawachukua wote wawili. Hebu fikiria hiyo picha. Mahali ambapo mbunge anatakiwa kuwa salama kuliko mahali pengine pote nchini, ndipo naibu wa kiongozi wa mahali hapo anakamatiwa. Kinga ya mbunge inamlinda asishtakiwe kwa alichosema akichangia mjadala. Lakini wao hawakushtakiwa kwa lolote. Walitiwa kizuizini chini ya sheria ya usalama wa umma, ile isiyohitaji mahakama wala ushahidi wala tarehe ya kutoka. Kumbe mwenye kudai ushahidi Bungeni hakuuhitaji alipofika kwa polisi.

Kenyatta mwenyewe aliwaonya wabunge waliobaki kwa mfano wa mwewe aliye angani na vifaranga walio chini. Walielewa. Sauti za viti vya nyuma zilishuka sana, ingawa hazikuisha. George Anyona aliendelea kuuliza maswali, naye mwaka 1977 akachukuliwa kutoka Bungeni vile vile, akapelekwa kizuizini.

Kuhusu Spika Mati sitasema mengi. Alibaki kitini mpaka 1988. Wapo wanaomwona mwoga, na wapo wanaosema hakuwa na la kufanya. Mimi nauliza tu, kama naibu wako anaweza kuchukuliwa hivyo, wewe uliyebaki utatoa uamuzi gani kesho yake wakati waziri anasimama na hoja ya nidhamu?

Seroney alikaa ndani miaka mitatu na zaidi. Kenyatta alifariki Agosti 1978, na Desemba 12 mwaka huo Moi, sasa Rais, akawafungua wafungwa wa siasa wote kwa pamoja: Seroney, Shikuku, Anyona, Ngũgĩ wa Thiong'o, Koigi wa Wamwere na wengine. Watu walisherehekea. Wengi waliamini ukurasa umefunguliwa.

Kwa Seroney haukufunguka. Aliyemfungua ndiye mpinzani wake wa zamani wa siasa za Bonde la Ufa, na sasa alikuwa na nchi nzima mkononi. Uchaguzi wa 1979 Seroney aligombea tena Tinderet. Akashindwa na kijana aliyeitwa Henry Kosgey, ambaye baadaye tulimjua kama waziri kwa miaka mingi. Shikuku alirudi Bungeni kwa kura za Butere. Seroney hakurudi tena.

Mwaka wake wa mwisho ulikuwa mbaya kwa nchi pia. Juni 1982 katiba ilibadilishwa Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria, si kwa mazoea tu kama zamani. Agosti kukawa na jaribio la mapinduzi, likashindwa, na watu wengi wakaingia jela. Desemba Seroney akafariki, akiwa na miaka 55. KANU ile aliyoamua kitini kwamba kifo chake hakihitaji ushahidi ilikuwa sasa ndiyo chama pekee halali, na iliendelea kutawala miaka mingine ishirini hivi, mpaka uchaguzi wa Desemba 2002.

Kama kuna mzee hapo kwenu aliyekuwa Nandi Hills mwaka 1969, muulize vile ilikuwa, halafu utuandikie hapo chini kwenye maoni.