Augustino wa Hippo na Zawadi Isiyolipiwa

Mtu wetu wa wiki hii ni Mwafrika. Alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, mahali ambapo leo ni Algeria. Anaitwa Mtakatifu Augustino, na kule Mwanza, Tanzania, kuna chuo kikuu chenye jina lake.

Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mcha Mungu. Augustino mwenyewe alikuwa na akili nyingi lakini hakutulia. Akiwa na miaka 16 aliiba matunda ya watu pamoja na wenzake, si kwa sababu ya njaa, bali kwa raha ya kuiba tu. Baadaye, akisoma Carthage, alifuata dini ya Mani kwa miaka 9 hivi. Monika alizidi kumwombea huku akilia.

Mwaka 384 Augustino alifika Milano, Italia, kufundisha ufasaha wa kusema. Huko alisikiliza mahubiri ya Askofu Ambrosi, akaanza kusadiki. Lakini kuijua njia si kuifuata: kila alipotaka kuacha mazoea yake, moyo ulimrudisha nyuma. Siku moja mwaka 386 alikuwa bustanini akilia, akasikia sauti ya mtoto ikimhimiza achukue asome. Akafungua barua za Mtume Paulo, akasoma maneno machache, na mashaka yakamtoka. Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi alimbatiza pamoja na mwanawe, Adeodatus. Monika alifariki mwaka huohuo, dua yake imejibiwa.

Augustino alirudi Afrika, akawa askofu wa Hippo. Wakati huo Pelagius alifundisha kwamba mtu akiamua anaweza kutii amri za Mungu kwa nguvu zake. Alihofia kwamba watu wakijiona hawawezi, watakuwa wavivu. Augustino alimpinga, kwani aliikumbuka miaka yake mwenyewe: alilijua jema, akashindwa kulitenda. Akafundisha kwamba hata nia ya kutenda mema ni zawadi ya Mungu. Zawadi hiyo ndiyo neema: hainunuliwi, wala hatuistahili.

Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake.

Wazazi, hata mvua na chakula huitwa neema. Waulizeni watoto: ni kitu gani kizuri tulichopewa bila kukifanyia kazi?