Apolo Kivebulaya wa Mboga

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Kwanza alikuwa askari, kisha akabatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata akaitwa kwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, katika nchi ya Kongo. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamerudi, kwa maana mtawala Tabaro aliwanyima chakula. Apolo alilijua jambo hilo, akaenda vivyo hivyo.

Akapigwa, nyumba ya sala ikachomwa moto, na mwaka 1898 akatiwa kifungoni, amesingiziwa mauti ya dada yake Tabaro. Katika siku za dhiki hiyo alimwona Bwana Yesu katika maono, akatiwa nguvu. Alipofunguliwa akawarudia wale wale waliomshitaki. Hata Tabaro mwenyewe akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alipewa ukasisi mwaka 1903. Katika uzee wake akawapelekea Wambuti Injili mwituni. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, naye aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa mwitu ambako kazi ilikuwa haijakwisha.

Basi, ndugu, aitwaye na Mungu asianze kwa kuhesabu akiba ya ghalani.